Kapteni Aliyekaa Nyuma

Tuliokuwa tukiendesha naye baiskeli tulimwita Kapteni, na sijui ni nani aliyeanza kumwita hivyo. Nilipofika mimi, jina lilikuwa limeshazoeleka, hata watoto wa mtaani walimsalimia kwalo. Lakini sikumwona akiwa mbele. Msafara wetu ulitoka Makadara kila Jumapili saa kumi na mbili alfajiri, wanaume kumi na kitu wenye baiskeli za kila aina, na yeye alikaa mwisho kabisa, mgongo umenyooka, suruali ameibana vifundoni kwa vibanio vya kuanikia nguo. Alikuwa gadi wa garimoshi la mizigo, yule anayesafiri katika behewa la mwisho na bendera zake, na alisema hangeweza kuchunga watu akiwa amewapa mgongo.

"Mbele unaona barabara tu," aliniambia. "Nyuma unaona nani amechoka."

Mimi nilikuwa nashona mashati katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, na nilikaa Makadara kwa shangazi yangu. Kazini nilikwenda kwa baiskeli nyeusi nzito aliyoniachia kaka yangu alipopata kazi Eldoret. Wekesa, kijana aliyepakia mizigo pale kiwandani na kuishi mtaa wa Lucky Summer, alikuwa akiniona nikiingia getini nayo kila asubuhi.

"Sasa, Nasimiyu," alinisalimia siku moja. "Hii kitu unaiendesha kila siku?"

"Kila siku."

"Basi Jumapili toka na sisi. Kuna mzee fulani huko kwenu Makadara. Huyo hawezi kukuacha."

Nilikubali kwa sababu nilidhani najua kuendesha baiskeli. Jumapili ile ya kwanza niligundua kwamba kuendesha peke yako na kuendesha na watu ni kazi mbili tofauti. Peke yako ukiona shimo unashika breki, na hakuna wa kukulaumu. Katika msafara, nilishika breki na wanaume watatu nyuma yangu nusura wapandane. Mmoja wao alikuwa Oduor, fundi wa masanduku ya bati kutoka Shauri Moyo, aliyekuwa na mbio kuliko wote na aliyejua kwamba ana mbio kuliko wote.

"Manze, huyu atatuua," alisema, bila kuteremsha sauti.

Kapteni alisogea hadi ubavuni mwangu. "Binti, usishike breki. Ukiona shimo, sema shimo. Aliye nyuma hana macho yako."

Shimo lililofuata nikasema, "Shimo."

"Hiyo ni sauti ya maombi. Ita kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto."

Nikaita. Watu waliokuwa wakingoja basi Donholm wakageuka kututazama. Kapteni akarudi mahali pake nyuma, na kwa siku ile hakunifundisha kitu kingine, isipokuwa tulipoingia Kangundo Road na upepo ukaanza kutupiga usoni. Hapo alimwambia Wekesa akae mbele yangu na mimi nikae karibu naye kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya fulana yake. Nilifanya hivyo kwa woga. Ghafla upepo ukakoma na miguu ikawa myepesi. Mpaka leo sijui kitu kingine chema ambacho mtu anaweza kukufanyia kwa kukupa mgongo tu.

Siku hiyo nilivaa sketi ndefu, kwa kuwa nilitarajia kupitia kanisani tukirudi. Karibu na mtaa wa Umoja sketi ikanaswa na mnyororo. Kapteni alitoa kisu kidogo, akakata kile kipande, akanipa mkononi kama mtu anayerudisha kitambaa kilichoanguka. Jumapili iliyofuata aliniletea suruali ya kaki ya reli, imefuliwa, imepigwa pasi, imepunguzwa kiunoni. Aliyeipunguza alikuwa mkewe, Mama Tabitha, mwanamke mnene mwenye maneno machache ambaye alitufungulia mlango kila tuliporudi, akatupa maji, akahesabu kwa macho kama tumetimia, kisha akaingia ndani kuvaa tayari kwa ibada.

Kanisa letu lilikuwa moja, na Kapteni alikuwa mzee wa kanisa. Hilo lilinipa shida kumwelewa. Jumapili moja mhubiri alisema maneno makali juu ya wanawake wanaovaa mavazi ya kiume, na ingawa wakati ule nilikuwa nimevaa gauni, niliona shingo kadhaa zikigeuka kuja upande wangu. Kapteni alikuwa mbele pamoja na wazee wenzake. Aliinamia kitabu chake cha nyimbo, na hakukiacha mpaka mahubiri yalipokwisha.

Wiki iliyofuata, tukiwa barabarani, nilipunguza mwendo nikawa sambamba naye.

"Mzee, kanisani ulinyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Ningesema, wangeniuliza suruali ni ya nani."

"Na ni ya nani?"

Aliendesha kidogo kabla ya kujibu. "Angalia mbele, binti. Kuna shimo."

Kulikuwa na shimo kweli. Sikuridhika na jibu lile, na suruali sikuirudisha.

Hata kuhusu kuchelewa alikuwa na sheria ambayo haikupatana na sifa yake. Huyu aliyesifika kwa kutomwacha mtu aliweza kuondoka huku akimtazama mtu anakuja mbio, kipande cha mkate mdomoni. Alimfanyia hivyo Wekesa, ambaye alitufuata mpaka Njiru ndipo akatupata, jasho likimtiririka.

"Kapteni, ulikuwa unaniona," Wekesa alilalamika.

"Nilikuona. Lakini ulikuwa hujaanza safari. Mimi namngoja aliyeanza."

Aliogopa mbwa. Malori ya mawe ya Njiru yalimpita karibu na kiwiko asigeuze shingo, lakini mbwa akibweka ndani ya ua, hata aliyefungwa, Kapteni alishuka, akaiweka baiskeli kati yake na ile sauti, akatembea. Nasi ikabidi tushuke wote. Hakuna aliyemcheka mbele yake, ila siku moja Oduor, aliyekuwa karibu naye, alibweka polepole kupitia puani. Kapteni akashuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaelewa, akapanda tena. Tulipofika Ruai, mahali tulipozoea kunywa chai kabla ya kugeuza, aliisukuma sahani ya mandazi mbele ya Oduor.

"Mlishe mbwa wako," alisema.

Tulicheka, na Oduor alicheka kuliko sisi. Nataja jambo hili kwa sababu baadaye watu walisema wawili hao hawakupendana tangu mwanzo. Si kweli. Oduor ndiye aliyemtengenezea Kapteni kisanduku cha bati cha vifaa kilichokaa juu ya keria, chenye kifuniko kilichofunga bila sauti, na Kapteni alikisugua kila Jumamosi.

Kilichowatenganisha kilitokea Jumatatu moja ya Pasaka. Siku za mapumziko tulikwenda mbali zaidi, na safari hiyo ilikuwa ya Tala. Sikuwahi kufika huko kwa baiskeli. Asubuhi nilikuwa na wasiwasi, nikashindwa kula, na nilijiambia nitakula njiani. Ukishapita Malaa barabara inaanza kupanda, lakini kilima chenyewe hukioni. Unahisi tu kana kwamba mtu amekufungia jiwe nyuma. Wenzangu walianza kuniacha mmoja mmoja. Fulana ya Wekesa ilikuwa mita chache mbele, kisha ikawa doa, kisha ikapotea. Niliona barabara inainuka mbele ya uso wangu, nikashuka nikakaa kwenye changarawe.

Kapteni alisimamisha baiskeli yake. Alifungua kile kisanduku, akatoa ndizi mbivu na kipande cha sukari guru.

"Kula kwanza. Utalia baadaye."

"Silii."

"Basi kula."

Nilipomaliza na macho kunirudia, nilimwomba anisukume. Nilikuwa nimeona wengine wakimwekea mwenzao kiganja mgongoni kwenye mlima.

"Hapana," alisema. "Nikikusukuma utafika Tala, na kesho utakuwa unanitafuta mimi badala ya kilima. Panda."

Nikapanda. Alibaki nyuma yangu. Sikumwona, nilisikia tu mnyororo wake, na mara mojamoja wimbo wa kanisani aliouvumisha bila maneno, taratibu mno, kwa mwendo uleule wa miguu yangu. Nilipozidi kulegea, wimbo nao ulilegea. Hakunihimiza hata mara moja.

Tala tuliwakuta wenzetu wameketi kwenye baraza la duka, vikombe vitupu mbele yao, tayari kurudi. Wengine walinipigia makofi. Kapteni hakuketi.

"Nani alikuwa mbele yake?" aliuliza.

Wekesa akainua mkono.

"Na mbele yako wewe?"

Mwingine akainua mkono. Kila mmoja alijua sheria: unageuka kumtazama aliye nyuma yako, ukikosa kumwona unapunguza mwendo, na aliye mbele yako akikukosa atapunguza naye, mpaka habari ifike kichwani mwa msafara. Siku hiyo hakuna aliyegeuka.

"Teremkeni mpaka pale binti alipokaa," alisema Kapteni. "Halafu mpande tena, pamoja."

Nilijaribu kumzuia. "Mzee, mimi nimeshafika."

"Wewe kaa unywe chai."

Wakaanza kuinuka, wengine wakinung'unika. Oduor hakuinuka.

"Mimi si treni, Kapteni," alisema.

Kapteni alimtazama. Kisha alipanda baiskeli yake, yeye ambaye alikuwa amekipanda kilima chote nyuma yangu kwa mwendo wa kobe, akateremka pamoja na wengine. Nilibaki pale na Oduor. Chai ilikuja, nikainywa.

"Usidhani ni wewe, sista," Oduor alisema mwishowe. "Lakini huyu mzee anataka wote tuende mwendo wa mtu mmoja, maisha yote. Kuna siku nataka kujua miguu yangu inafika wapi."

Niliona kwamba naye ana haki. Niliwaza hivyo huku nikiona kwamba bila yule mzee ningekuwa bado nimekaa kwenye changarawe. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, na hayakunipa raha. Waliporudi wakiwa wamelowa jasho, wachache tu walinitazama usoni.

Oduor aliendelea kuja, lakini sasa alichomoka mapema na kutungoja Ruai. Jumapili moja kwenye mteremko wa Njiru tulimkuta amelala kando ya lami, gurudumu la mbele limepinda kama kifuniko cha sufuria. Alikuwa amelifumania shimo kwa kasi. Bega lake lilikuwa limeshuka mahali ambapo bega halipaswi kuwa. Sisi tulisimama tukimzunguka. Kapteni alifika mwisho kama kawaida, akapiga magoti, akamuuliza Oduor jina la mama yake, leo ni siku gani, anaweza kusogeza vidole vya miguu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo. Akaufunga ule mkono kifuani kwa shati lake mwenyewe, akasimama katikati ya barabara akiwa na fulana ya ndani, akainua kiganja, na lori la mawe likasimama. Alipanda nyuma pamoja na Oduor, juu ya mawe, akashikilia kichwa chake mpaka hospitalini.

Baada ya hapo hakwenda kumwona tena. Hata mara moja. Oduor alikaa wodini na kisha chumbani kwake Shauri Moyo kwa majuma kadhaa, na kila aliyeingia aliulizwa, "Kapteni yuko?" Mama Tabitha alikwenda na chupa ya uji. Wekesa alikwenda, mimi nilikwenda. Kapteni alisema ana zamu, halafu akasema ana kikao cha kanisa, halafu hakusema kitu.

Nilimuuliza Mama Tabitha siku moja tukianika nguo nyuma ya nyumba yao. Alijibu bila kuacha kuanika.

"Treni ikigonga mtu, gadi ndiye anayeteremka. Anarudi nyuma kwa miguu kwenda kuangalia. Ameona nini huko, mimi sijui. Hajaniambia. Mimi nafua tu nguo." Akachukua shati jingine. "Pale mtu anapohitaji mikono, yupo. Lakini kuketi na kumtazama mtu aliyelala, huyo hawezi. Hata mimi nilipojifungua alikuwa nje akipaka baiskeli mafuta."

Nilimpelekea Oduor maneno hayo. Aliyasikiliza, akayakubali kichwani, lakini moyoni hayakufika. Bega lilipopona alianzisha msafara wake, wa wenye mbio, uliotoka mapema kidogo kuliko wetu. Wengi wakamfuata. Sikuwalaumu. Tulikutana nao wakirudi kutoka Ruai sisi tukiwa tunakwenda, na Kapteni aliwapungia mkono kila mara, na Oduor alijibu kwa kengele.

Tukabaki wachache, kisha watatu. Wekesa akahamishiwa zamu ya Jumapili. Kwa miezi mingi tulikuwa wawili: mimi mbele, Kapteni nyuma, na saa kumi na mbili ikifika tunaondoka kama vile tuko ishirini. Hatukuzungumza sana. Kanisani kulianza kunong'onwa, binti asiyeolewa na mzee wa kanisa, kila Jumapili, barabara tupu. Mama Tabitha alisubiri mkutano wa akina mama, akasimama, akasema yeye ndiye aliyepunguza ile suruali kwa mikono yake na kama kuna mwingine anayetaka kupunguziwa alete. Kisha akaketi. Minong'ono ikaisha. Kapteni alipata habari hizo kwa watu wengine, na alipozisikia alikohoa tu.

Katika miezi hiyo niliacha kuwa mwanafunzi, ingawa siwezi kusema ni lini. Siku moja tu nilijikuta nikigeuka kumwangalia yeye.

Halafu reli ikapunguza watu. Kapteni alikuwa miongoni mwao, na nyumba ilikuwa ya reli. Waliamua kurudi magharibi, kwenye shamba lao. Nilikwenda kuwaaga mapema nikidhani nitawakuta katika huzuni, nikawakuta katika ugomvi. Ukutani iliegemezwa baiskeli ya kike, ile isiyo na chuma cha katikati, ambayo Kapteni aliipata kwa mwenzake wa kazini.

"Nyumbani soko liko mbali," Mama Tabitha aliniambia. "Nataka kujua kuendesha kabla hatujaondoka. Huyu amejaribu kunifundisha siku mbili, sasa hatusemezani."

"Hasikii," alisema Kapteni.

"Anapiga kelele kabla sijakanyaga pedali. Anafunga macho, halafu anapiga kelele. Nifundishe wewe, binti."

Nilimtazama Kapteni. Mtu ambaye hakuwahi kunipazia sauti, hata siku wanaume watatu nusura wapandane kwa sababu yangu, alikuwa anatazama sakafu.

Nilimfundisha jioni nikitoka kazini, kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba za reli. Alianguka vizuri, kwa upande, bila kelele, akakung'uta leso aliyojifunga kiunoni na kupanda tena. Kapteni hakuja kiwanjani mpaka Jumamosi ya mwisho, mizigo ikiwa imeshafungwa. Hata hapo alisimama ametupa mgongo, akikaza kamba ya gunia lililokuwa limeshakazwa.

"Kapteni, tazama," nilimwambia.

"Ameanguka?"

"Hajaanguka."

"Akianguka utaniambia."

"Mzee, geuka."

Akageuka. Mama Tabitha alikuwa mwisho wa kiwanja, amefumba midomo, anakata kona nyuma ya goli. Baiskeli ilicheza, ikakaa sawa. Kapteni alimtazama akija kupitia upande mzima wa kiwanja bila kupepesa.

"Aliwahi kuniomba nimfundishe," alisema. "Wakati huo hatuna mtoto hata mmoja. Nilimwambia barabara ni mbaya."

Nilifikiria watu wote aliokuwa amewapeleka kwenye barabara hiyo, kila Jumapili, na nikaona kwamba yeye anafikiria hao hao.

"Hakuniomba tena," alisema.

Mama Tabitha alikuwa anakaribia. Kapteni aliacha gunia, akapiga hatua kuingia kiwanjani, mikono ameinua kidogo kama mtu anayepokea mtoto.

"Mama Tabitha," alisema. "Tukifika nyumbani utanibeba?"

"Sogea, mzee," alisema mkewe. "Bado sijajua kusimama."

Kapteni akasogea. Mama Tabitha akapita, akaanza mzunguko mwingine.